Kisiki Hasogei

Akija mtu akakwambia kwamba Wasi alikuwa na roho ya jiwe, mwambie anyamaze. Wasi alikuwa na roho ya siagi, tena siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. Tatizo lake lilikuwa kichwa. Kichwa chake hakikujua kupumzika, na hata hilo jina, Wasi, mawifi zake walilikata kutoka kwenye "wasiwasi" siku ya harusi, baada ya kumkuta bibi harusi mzima, na shela lake, amepiga magoti ukumbini anatikisa miguu ya viti kuona kama vitawahimili wageni.

Sasa mwone Jumanne ile, katika chumba cha kuchezea cha kituo cha watoto. Sakafu ya saruji nyekundu, madirisha mapana, harufu ya sabuni ya kufulia na maziwa. Mtoto wa miaka mitatu amepanda juu ya beseni lililogeuzwa ili afikie mdoli aliyewekwa dirishani. Beseni likateleza. Mtoto akaanguka chali, akanyamaza kidogo kama wanavyonyamaza wakivuta pumzi, kisha akaachia kilio cha kuamsha mtaa.

Wasi alikuwa hatua moja kutoka pale. Hatua moja! Alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, mkono mmoja umeukamata mwenzake kama polisi aliyekamata mwizi. Jasho lilimtoka. Midomo ilimcheza. Lakini hakusogea.

Aliyesogea ni mlezi mkuu wa kituo, mama wa makamo ambaye watoto wote walimwita Bibi Funguo kwa sababu ya lile furushi la funguo kiunoni, lililotangaza ujio wake tangu akiwa kwenye korido. Akamwokota mtoto, akampapasa kisogo, akaona hakuna kilichopasuka. Ndipo akamgeukia Wasi.

"Mama, mikono inauma?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Nimeuliza tu."

Ukisikia mtu mzima anasema nimeuliza tu, ujue hakuuliza tu. Wasi alijua.

Mtoto yule ndiye aliyewavusha Wasi na mumewe mipaka yote mpaka hapa, wakiomba wapewe wamlee awe wao. Kituoni walimwita Kisiki, kwa sababu akishakataa jambo anakaa chini, anajaza uzito mwilini, na hapo hata watu wazima wawili wanatoka jasho kumwinua. Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleza, mgumu kuishi: wanaotaka kuasili mtoto wanakuja kila siku kwa wiki nzima, wanamlisha, wanamwogesha, wanacheza naye, jioni wanarudi walikopanga. Bibi Funguo anaangalia. Ijumaa anakuja Ofisa wa ustawi wa jamii, anamuuliza Bibi Funguo ameona nini, kisha anaamua mtoto aende au abaki. Ijumaa yenyewe ilikuwa ndiyo hii iliyokuwa mlangoni. Na Wasi, tangu afike, hakuwa amemgusa mtoto hata kwa kidole. Aliyelisha ni mumewe. Aliyeogesha ni mumewe. Wasi alishika taulo.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kila mtu alimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Huyo alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Siku ya kwanza tu alikaa sakafuni, akafanya sauti ya mashine ya kunyolea, zzzz, akajifanya anamnyoa Kisiki ndevu. Siku ya pili Kisiki alikuwa juu ya goti lake anadai ndevu nyingine. Lakini Wasi, Kisiki alimwangalia kama mpangaji anavyomwangalia mwenye nyumba mwisho wa mwezi, kisha akageuza shingo.

Kwa nini mikono nyuma? Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, nivumilie.

Wasi mwenyewe alikuwa mtoto wa kuasiliwa, na alichukuliwa kutoka nchi hii hii, akiwa na umri kama wa Kisiki. Waliomchukua walikuwa mume na mke wa kanisa, watu wa nchi ya mbali, na Baba yake huyo wa kulea alikuwa na ushuhuda mmoja ambao hakuchoka kuutoa. Akipewa nafasi mbele ya waumini, anapandisha suruali, anaanza: "Tuliingia ukumbini, watoto wamejaa. Sijafungua mdomo! Huyu binti akatoka kule mwisho, akawapita wote, akaja mbio kumshika mama yake sketi. Ndugu zangu, hatukumchagua sisi. Alituchagua yeye!" Kanisa zima linasema amina. Wanawake wanafuta machozi. Na Wasi, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na nywele zake za mabutu, anajiona mtu.

Ushuhuda huo ndio uliomkuza. Shuleni walipomwambia wewe ulinunuliwa, alijibu: "Mimi wangu niliwachagua mwenyewe. Wewe wako ulipewa tu, huna la kufanya." Baba aliurudia siku ya harusi ya Wasi, na angeurudia kwenye mazishi yake mwenyewe kama angeruhusiwa kuinuka.

Baadaye Wasi na Kinyozi hawakujaliwa kuzaa. Walilia yao, wakanyamaza. Alhamisi moja kwenye sala ya akina mama, Wasi akiwa ameinamisha kichwa anamwombea mtu mwingine kabisa, ile nchi aliyozaliwa ikamjia moyoni, na pamoja nayo mtoto ambaye hakumjua. Akaisukuma mbali. Ikarudi akiwa kazini. Akaisukuma tena. Wiki ikaisha anaisukuma, na mwishowe akamwambia mumewe, na Kinyozi akasema, "Sasa unangoja nini, upigiwe simu na malaika?" Wakaanza. Milango iliyosemekana ni migumu ikafunguka mmoja baada ya mwingine, mpaka Wasi mwenyewe akaogopa.

Maana hofu yake haikuwa kukosa. Hofu yake ilikuwa kupata. Alijua jinsi ilivyo kutembea mjini ukitafuta paji la uso lako kwenye nyuso za watu. Hata hapa, tangu washuke, kila mwanamke wa makamo aliyepita barabarani alimgeuza shingo. Yeye alichukuliwa, sawa, lakini alitaka. Hilo neno "alitaka" ndilo alilolisimamia maisha yote. Je, huyu Kisiki akichukuliwa bila kutaka, atasimamia nini?

Basi akamwomba Mungu ishara. Mtoto aje mwenyewe. Avuke chumba kwa miguu yake, kama yeye alivyovuka. Na ili isije ikawa ameitengeneza kwa mikono yake, akaapa hatamwita, hatamhonga pipi, hatamgusa kwanza. Hata Kinyozi hakumwambia.

Ukishangaa, kumbuka kazi yake. Wasi alikuwa mkaguzi wa lifti. Kila siku alikuwa ndani ya mashimo ya maghorofa na tochi, akikagua kamba za chuma na breki, na kazini walimfundisha jambo moja la kwanza: breki ukiijaribu, usiisaidie. Ukiweka mkono, hujajaribu kitu. Kwa hiyo akaweka mikono nyuma, akasubiri, roho juu.

Jumanne hiyo hiyo mchana Bibi Funguo alimkuta anaanika shuka za kituo, maana Wasi kazi nyingine zote alifanya kwa bidii ya kutisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina ugonjwa mmoja. Siwezi kusema uongo, hata ule wa kumfurahisha mtu. Ijumaa Ofisa akiniuliza mama amemgusa mtoto, nitasema sijaona. Akiniuliza mtoto alipoanguka mama alifanya nini, nitasema alisimama."

"Bibi, si kwamba simpendi."

"Sijasema humpendi. Mapenzi siyaoni. Mimi naona mikono."

Akaondoka na funguo zake. Wasi akabaki na shuka mbichi kifuani, blauzi inalowa, hana habari.

Walipanga chumba juu ya duka la matairi. Vitanda viwili vyembamba vilivyosogezwa pamoja, birika la umeme, kiti kimoja ambacho Wasi alishakikagua. Jioni ile Kinyozi alifunga mlango taratibu, na kwa mtu wa kelele kama yeye huo ulikuwa ubaya mtupu.

"Bibi Funguo kaniuliza kama mke wangu ni mgonjwa. Nimjibu nini?"

Ndipo Wasi akatoa yote: ishara, kiapo, mikono. Alitoa huku anazunguka chumba, anagusa kitasa cha dirisha, anarudi, anagusa tena. Kinyozi alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo umempa mtihani mtoto ambaye hajui hata kama kuna mtihani."

"Sikumpa yeye. Nilimwomba Mungu."

"Mungu gani asiyejua kwamba mtoto akianguka anaokotwa? Ee? Niambie nimjue!"

"Wewe huwezi kuelewa. Wewe unajua ulikozaliwa, unajua mpaka chumba. Mimi nikimbeba mtoto wa watu kwa nguvu, hanitaki, analia, nikampandisha ndege, mimi ni nani? Si mwizi tu mwenye mihuri?"

Kinyozi alikaa kwenye kile kiti, akasugua uso, kisha akatoa simu mfukoni akamsukumia.

"Mimi nimeshindwa. Mpigie Mama. Yeye alibeba, mwulize alibebaje."

Mama yake Wasi alipokea akiwa kwenye kibaraza chake, anamwagilia maua. Tangu Baba afariki alikuwa anaishi peke yake na maua hayo, na aliyasema kama watu wanavyosema wapangaji wakorofi. Wasi akamweleza kwa kifupi. Kisiki hasogei. Ijumaa inakaribia. Yeye anasubiri tu mtoto aje, kama yeye mwenyewe alivyokwenda mbio siku ile, akashika sketi.

Maji yakasikika yakimwagika.

"Nani alikwenda mbio?" Mama akauliza.

"Mimi. Ukumbini. Ushuhuda wa Baba."

"Aa, ule." Mama akacheka kidogo, puani. "Mwanangu, baba yako hata hakuwamo ukumbini. Alikuwa nje anatafuta pa kuegesha gari la watu."

"Mama!"

"Nini? Ulidhani baba yako alijua kuegesha?"

Wasi akakaa kitandani. Hakukaa vizuri, nusu ya mwili ilikuwa hewani.

"Basi mimi nilikuwa wapi?"

"Chini ya meza. Umekumbatia mguu wa meza. Nikainama, nikasema njoo mama, ukaning'ata. Nikakuvuta, nikakubeba begani kama gunia la viazi, unanipiga mateke ya tumbo mpaka nje. Watu barabarani wakanitolea macho, wakadhani nimeiba mtoto. Na mimi nikadhani hivyo hivyo."

"Na Baba? Miaka yote ile? Mbele ya kanisa?"

"Mara ya kwanza nilimwambia, baba wee, unatia chumvi. Akasema kidogo tu, inoge. Jumapili yake akausimulia, kanisa likasema amina, na wewe ukatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukulete. Sasa hapo ningesimama niseme nini? Nikamwachia."

Kinyozi, aliyekuwa anasikia yote, aliangalia sakafu.

"Nilikuchukia?" Wasi akauliza.

"Sana," Mama akajibu bila kusita. "Ulikuwa unamlilia yule dada aliyekuwa anakulisha. Ulikuwa na haki. Ningekuona mtoto wa ajabu kama usingelia."

"Na ulijuaje kwamba hukosei?"

"Sikujua. Nilisali njia nzima, Mungu kimya. Nikasema basi, Baba wa mbinguni, wewe umenyamaza, huyu anapiga kelele, acha mimi niendelee na kazi."

"Nilikuja lini, Mama? Kwako. Mwenyewe."

Ndoo ya maji ikasikika ikiwekwa chini.

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa na mambo mengi. Siku moja nakuosha nywele, wewe unanipigia hadithi ndefu ya paka wa jirani, nikashtuka. Nikasema, huyu kumbe ameshafika zamani."

Usidhani Wasi alipona pale pale. Alikata simu akiwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Alimkasirikia Baba, na Baba yuko kaburini. Alikasirikia amina zote alizowahi kusikia. Lile neno lake moja, "alitaka", lilikuwa limeondoka, na chini yake hapakuwa na sakafu. Alichukuliwa akipiga mateke. Hakuna aliyemuuliza. Na mwanamke aliyembeba akipiga mateke ndiye mtu aliyempenda kuliko wote duniani, baada ya huyu Kinyozi aliyekuwa anajifanya kutengeneza chai. Yote mawili yalikuwa kweli, na yalimkaa tumboni kama chakula kilichokataa kushuka.

Jumatano hawakwenda kituoni mpaka saa sita, kwa sababu hakuweza kuinuka. Mchana ule Kisiki alipomwangalia na kugeuza shingo, Wasi alitaka kupaza sauti: nakuelewa, tena sana. Mikono yake aliitoa nyuma. Hakujua bado aifanyie nini, ikaning'inia.

Alhamisi alikuwa getini kabla Bibi Funguo hajafungua. Hakuwa na ishara. Hakuwa na amani pia, wala lile joto moyoni ambalo wenzake wa sala husema huwa linakuja. Alikuwa na mikono miwili na kijasho. Alimkuta Kisiki amekaa kitandani kwake, akapiga moyo konde, akainama akambeba.

Loo! Mtoto alijaza uzito, kisha akajirusha nyuma kama samaki. Wasi hakumwachia. "Samahani," akasema. "Samahani sana. Tunakwenda kuoga." Bafuni Kisiki alimwagia maji mpaka nywele. Mezani alikikamata kikombe cha uji akakigeuza chote juu ya sketi ya Wasi, taratibu, huku anamwangalia usoni, kazi ya mtu anayejua anachofanya. "Samahani," Wasi akasema tena, akaenda kuleta kikombe kingine. Kinyozi alitaka kusaidia na zzzz zake, Wasi akamzuia kwa jicho. Mchana mtoto alimng'ata bega. Jioni alimkojolea, labda kwa bahati mbaya. Wasi alirudi chumbani akinuka vyote hivyo, akalala na nguo.

"Kuzaa si kazi," Kinyozi akamtania, akimvua viatu.

"Nyamaza," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka, ingawa hakikuwa kicheko kirefu.

Ijumaa Ofisa alifika mapema, mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kichwani na mwendo wa mtu aliyeacha gari likinguruma. Wakakaa katika chumba cha Bibi Funguo, kati ya rafu za mablanketi yaliyokunjwa. Wasi alijikalisha pembeni ya kiti.

"Mtoto amemzoea mama?" Ofisa akauliza.

"Hajamzoea," akasema Bibi Funguo.

Wasi akafumba macho. Ugonjwa wa kusema kweli, alishaonywa.

"Nilisikia pia mama hamgusi."

"Mpaka Jumatano hakumgusa. Jana alimgusa kutwa. Alimwagiwa, aling'atwa, alikojolewa. Leo nimemkuta getini tena."

Ofisa alishusha miwani, akamwangalia Wasi vizuri. "Mama, nikwambie ukweli. Wazazi wawili wamekuja kwa huyu mtoto kabla yenu, kwa nyakati tofauti. Wote walisema hilo hilo: hakuja kwetu. Walimkalia wiki nzima, wakamngoja, hakwenda. Wakaondoka."

Wasi aliona kile chumba cha sakafu nyekundu, na watu wazima wamepangana ukutani, mikono nyuma, zamu kwa zamu, na katikati mtoto mmoja sakafuni anayeangaliwa. Na yeye alikuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Aliona aibu, aibu ya kutaka kuingia chini ya kiti.

"Tunaye mwingine," Ofisa akaendelea, kwa wema kabisa. "Mchangamfu, anamkimbilia kila mtu. Mkitaka, leo hii tunaanza upya, ukimfungulia tu mikono anakuja. Hakuna atakayewalaumu."

Kinyozi akamgeukia mkewe.

Lo, ndiyo ile ishara! Mtoto wa kuvuka chumba mbio, kama kwenye ushuhuda. Siku nne nyuma Wasi angepiga magoti pale pale akashukuru. Sasa alijishangaa anavyoongea.

"Huyo anayekimbilia watu atapata watu," akasema. "Mimi namtaka Kisiki."

"Hakutaki."

"Najua. Hanitaki, na ana haki, na mimi naogopa. Sijui kama nafanya sawa. Nimesali, sijajibiwa. Lakini hapana mtu mwingine tena atakayesimama ukutani kumngoja."

Ofisa akamtazama Bibi Funguo. Bibi Funguo alikuwa anachomoa na kurudisha ufunguo mmoja kwenye furushi lake bila sababu.

"Mpe," akasema. "Siku zote naulizwa mtoto amempenda nani. Leo niulize nani hatamwachia."

Ofisa akarudisha miwani kichwani. Kisha akasema mtoto aende.

Usingoje filimbi wala vigelegele. Dada wa zamu alileta kibegi, watoto wengine wakaimba kidogo, na Kisiki alivumilia yote hayo mpaka alipoona geti na gari ng'ambo yake. Hapo akaelewa. Akakaa chini. Kinyozi alipiga magoti akafanya zzzz, akapigwa kofi la pua. Kisiki akazikamata nondo za geti kwa mikono miwili, akaita, "Bibi! Bibi! Bibi!" kwa sauti ambayo ilimfanya Bibi Funguo ageuke aangalie ukuta.

Dada wa zamu alijua kazi yake. Akainama, akaanza kuvibandua vidole vya mtoto kutoka kwenye nondo, kimoja, cha pili.

"Acha," Wasi akasema.

"Mama, hataachia huyu. Ni kuvibandua tu, atasahau."

"Hatasahau. Acha, tafadhali."

Akakaa chini kwenye vumbi, na sketi yake nzuri ya safari, akamzungushia mtoto mkono mmoja kwa nyuma. Kisiki alijikunja, akapiga kisigino. Wasi akabaki.

"Nina ofisi nyingine ya kwenda," akasema Ofisa kutoka kwenye gari.

"Nenda tu, dada. Sisi tutatafuta usafiri."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka achoke."

Gari likaondoka. Kinyozi akakaa upande wa pili, akaweka kibegi mapajani, akanyamaza, Mungu ambariki. Jua lilipanda ukuta. Wasi hakuimba, hakubembeleza, hakumwambia nyamaza. Alisema tu, karibu na sikio la mtoto: "Lia. Hawa ni watu wako, lazima ulie. Mimi siondoki bila wewe, tutaondoka wote. Lakini lia kwanza." Ndani mwake alikuwa anamwambia Mungu sema hata neno moja, na Mungu hakusema, na yeye akaendelea kukaa.

Kilio kilipungua, kikapanda, kikapungua. Kikawa kwikwi. Uso wote wa mtoto ulikuwa umelowa. Halafu Kisiki akaachia nondo kwa mkono mmoja, akaivuta blauzi ya Wasi begani, akafutia pua, kwa nguvu, kulia na kushoto, kama mtu anayefuta meza. Akairudisha blauzi alikoitoa. Akaishika nondo tena.

Kinyozi aliinama kwa nyuma ya mtoto, macho yamemtoka, akanong'ona, "Wasi. Hiyo ndiyo ishara?"

"Hapana," Wasi akasema. "Hiyo ni kamasi."

Na akasogea karibu zaidi, ili asihangaike kuifikia blauzi mara nyingine.